Chungwa ulile, usilifyonze tu: mwongozo wa kufaidi antioksidanti za matunda na mboga mbichi, toka kwetu Tanga

Simama dakika kumi tu pale soko la Mgandini karibu na wale vijana wa machungwa, uangalie watu wanavyokula. Kijana anamenya na kisu chake kile kidogo, ganda linashuka utepe mmoja mrefu bila kukatika, chungwa linabaki jeupe, analikata kofia anakupa. Mtu anafyonza, anakamua, anageuza anafyonza tena, alafu kilichobaki chote anatupa kwenye ndoo na kuomba la pili. Mi nimekula hivyo tangu mtoto, mama yangu anakula hivyo, na Muheza ipo pua na mdomo hapo, machungwa yanashuka kwa malori, nani atahesabu makapi. Kumbe ile nyama nyeupe na zile ngozi za vipande tunazotupa ndio zimebeba nyuzinyuzi karibu zote, na zina hesperidini kwa wingi, ambayo ni moja ya antioksidanti za chungwa lenyewe. Tunakunywa maji matamu, nusu ya mali tunawapa mbuzi.

Na siyo chungwa tu. Mchicha tunachemsha tunamwaga maji, kitunguu cha kachumbari tunakisugua chumvi tunakikamua mpaka kinalia, papai tunanunua lililokatwa tangu asubuhi limekaa juani, alafu tunaenda kununua vidonge vya kuongeza kinga. Vitu tunavyo Tanga, tena vingi na bei ni ya kawaida, tatizo ni njia ile toka sokoni mpaka mdomoni, pale ndio tunavipoteza. Kwa hiyo nimeandika hatua kwa hatua navyofanya mimi nyumbani, na kwa nini.

Kwanza tuelewane antioksidanti ni nini

Baiskeli ya baba watoto wangu inalala nje, na sisi tuko karibu na bahari, ule upepo wa chumvi mnaujua, asipopaka mafuta mwezi mmoja tu mnyororo umeshaota kutu. Kutu ni chuma kimekutana na oksijeni. Mwilini nako kuna kitu cha namna hiyo, siyo kutu yenyewe lakini inafanana. Oksijeni tunayovuta inatumika kuchoma chakula tupate nguvu, na katika kuchoma kule zinatoka molekuli zilizopungukiwa elektroni, zinaitwa radikali huru, hizi hazitulii, zinanyang'anya elektroni kwa jirani, jirani naye akipungukiwa anaenda kunyang'anya kwa mwingine, ugomvi unasambaa mpaka kwenye kuta za seli, kwenye mafuta yanayosafiri kwenye damu, mpaka kwenye DNA. Antioksidanti ni ile inayokubali kutoa elektroni yake na yenyewe isigeuke mkorofi, ugomvi unaishia hapo.

Mwili wenyewe unatengeneza baadhi, mfano glutathioni. Nyingine lazima uzile: vitamini C, vitamini E, beta-karotini ya karoti na embe, laikopini ya nyanya na tikiti, na kundi kubwa linaloitwa polifenoli ambalo liko kwenye zambarau, kitunguu chekundu, ngozi ya bilinganya, hata kwenye chai. Moshi wa sigara, moshi wa kuni jikoni na jua kali vinaongeza hizo radikali, ndio maana mvuta sigara anatakiwa apate vitamini C zaidi kuliko mwenzake, kama miligramu 35 za ziada kila siku.

Na hapa nikuambie ukweli wote. Watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi wanapata magonjwa ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wasiokula, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini siyo kazi ya antioksidanti peke yake, kuna potasiamu inayosaidia kushusha presha, kuna nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kupunguza kolesteroli, vyote vinafanya kazi pamoja ndani ya tunda moja. Kwa hiyo mtu asije akakuambia kula mapera uache dawa za presha, au kunywa juisi fulani inaponya kansa. Hakuna kitu kama hicho, mgonjwa anywe dawa zake na matunda ale.

Hatua ya 1: Nunua kwa kufuata rangi na msimu

Usiende sokoni na orodha ngumu ya tunda moja, nenda ukaangalie kimejaa nini. Kilichojaa ndio cha msimu, ndio kimevunwa juzi, ndio bei imeshuka. Machungwa ya Muheza yakishamiri katikati ya mwaka unapewa fungu zima kwa hela ya kawaida kabisa. Embe zinakuja kuelekea mwisho wa mwaka. Lushoto nako wanateremsha karoti, kabichi, hoho, na wakati wake peasi na plamsi, vitu vinapita Mombo asubuhi jioni viko hapa mjini.

Alafu changanya rangi, maana rangi nyingi ndio antioksidanti zenyewe unaziona kwa macho. Chungwa na njano ni karotini, nyekundu ya nyanya na tikiti ni laikopini, zambarau na kabichi ya zambarau ni anthosianini, kijani iliyokolea ya mchicha na matembele ina luteini na beta-karotini imejificha nyuma ya ukijani. Mi najiwekea kikapuni rangi tatu, nikikosa tatu basi mbili.

Sasa niseme kuhusu mapera maana yanadharauliwa sana. Gramu 100 za chungwa zina vitamini C kama miligramu 50 na kidogo. Papai kama 60. Embe kama 36. Pera, ambalo watoto wanalipopoa kwa mawe na kula na mbegu zake, lina zaidi ya 200. Yaani mara nne ya chungwa, na mpera unaota wenyewe nyuma ya choo hakuna aliyeupanda. Mtu mzima kwa siku anahitaji kama miligramu 75 mwanamke na 90 mwanamume, kwa hiyo pera moja la wastani umemaliza kazi. Mtu anapita chini ya mpera anaenda dukani kununua vidonge vya vitamini C, inaniuma kweli.

Hoho pia usiione kama urembo wa pilau. Hoho ya kijani ina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ikiiva ikawa nyekundu inaongezeka tena na karotini juu, ni ileile imeachwa tu mtini ikaiva. Ukiikuta nyekundu sokoni na haijanyauka, chukua.

Vilivyokatwa tayari, lile papai na tikiti kwenye sahani barabarani, mi sinunui kama sijaona likikatwa. Kwanza inzi, pili likishakatwa hewa na mwanga vinaanza kula vitamini C palepale. Kama una hamu mwambie akukatie lako mbele yako, hakuna anayekataa.

Hatua ya 2: Ukifika nyumbani

Hapa pafupi. Mboga za majani toa kwenye mfuko wa nailoni, zinaoza humo, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu weka pabaridi na uzile siku hiyo au kesho yake, maana zinavyonyauka ndivyo vitamini C inavyokwisha. Nyanya na embe zisizoiva acha nje zimalizie kuiva. Machungwa yanavumilia. Usioshe kitu ambacho huli leo, maji yanaozesha. Bas.

Hatua ya 3: Kuosha, hapa usiwe na haraka

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na shughuli ya ndugu, pilau limepikwa vizuri sana, kachumbari beseni zima. Nilikuwa mmoja wa waliokata. Nyanya zilitoka kwenye tenga moja kwa moja, kuna mtu alizimwagia maji ya kisimani mara moja tukasema zimeoshwa, na ubao ulikuwa uleule uliokatiwa nyama usiku. Kesho yake nusu ya nyumba tunahara, mimi mwenyewe siku tatu kitandani na mtoto wa dada yangu akatundikiwa dripu. Pilau lilipikwa likachemka, ile mbichi ndio ilituangusha. Tangu siku hiyo sitanii na kuosha, na huwezi kumhubiria mtu ale mbichi bila kumwambia hili, chakula kibichi hakina moto wa kukusaidia kuua wadudu, ulinzi wake ni mikono yako na maji yako.

Navyofanya:

Nanawa mikono na sabuni kwanza mimi. Alafu naosha tunda au mboga kwa maji yanayotiririka, ya bomba au ya kumiminiwa na mtu kwa kopo, huku nalisugua kwa kiganja. Kulowesha kwenye beseni peke yake hakutoshi, uchafu unatoka kwenye moja unahamia kwenye nyingine. Karoti nazisugua kwa brashi ndogo ya jikoni ambayo haifanyi kazi nyingine. Majani ya kabichi naondoa mawili ya nje, mengine naosha moja moja, usioshe kabichi zima kwa nje ukasema tayari.

Suuzo la mwisho natumia maji yaliyochemka yakapoa, au yaliyowekwa dawa ya klorini ile ya kutibu maji, unafuata maelezo ya kwenye kopo lenyewe usikisie. Sabuni ya vyombo au ya unga usitumie kwenye chakula, inaingia na haitoki yote. Siki na chumvi watu wanapenda, siyo vibaya lakini visikufanye uache kusugua.

Papai, tikiti, embe, parachichi na nanasi osha kabla ya kukata japo ganda huli. Kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani, hili wengi hatulijui. Na ubao wa samaki na nyama uwe wake, wa matunda na kachumbari uwe wake, kama unao mmoja tu basi kata mbichi kwanza, nyama baadae.

Mama mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu hii hatua kwao ni mara mbili. Asipokuwa na uhakika na maji, ale vya kumenya kwa mkono wake, ndizi, chungwa, chenza.

Hatua ya 4: Kukata na kuchanganya

Fanya hiki kitu siku moja na watoto wako: chukua parachichi, pasua katikati, upande mmoja kamulia ndimu upande mwingine acha hivyohivyo. Kaeni mpige stori nusu saa. Ule wa bila ndimu unakuwa kahawia, wa ndimu bado kijani. Hewa imekutana na vile vilivyomo ndani ya tunda vikaanza kuungua polepole, na ndimu kwa ukali wake na vitamini C yake imezuia. Mtoto wangu wa darasa la nne nilimuonyesha hivyo, tangu hapo ndio mwenye kazi ya ndimu jikoni, hakuna anayemnyang'anya.

Kwa hiyo kata karibu na muda wa kula, siyo asubuhi kwa ajili ya mchana. Kata vipande vya wastani, ukikata laini sana unaongeza sehemu ya kukutana na hewa. Tumia kisu kikali, butu kinaponda. Na ngozi inayolika iache, ngozi ya tango, ya bilinganya, ya nyanya, usimenye kwa mazoea tu. Kitunguu kekundu nacho, yale matabaka ya karibu na ganda ndio yana kwesetini nyingi zaidi, nayo ni antioksidanti ya kundi lile la polifenoli, ondoa ganda kavu tu, tabaka la nje lililo zima usilitupe.

Kachumbari sasa. Kwetu kawaida kitunguu kinakatwa, kinatiwa chumvi, kinafikichwa na kukamuliwa, kinasuuzwa, ukali unatoka. Ladha naielewa, lakini unachokamua ni pamoja na vitu vinavyoyeyuka kwenye maji ambavyo ndio tunavitafuta, na chumvi inabaki ya kutosha kumpandishia mtu presha. Badala yake nakata kitunguu duara nyembamba, nakamulia ndimu mbili, nageuzageuza, nakiacha dakika tano wakati nakata vingine. Kinageuka rangi ya waridi, kinalainika, ukali unashuka wenyewe. Hapo natia kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti niliyoikwangua, hoho, tango na ngozi yake, nyanya mwishoni zisivuje maji. Embe bichi kama lipo. Pilipili moja. Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili kwa bakuli zima, maana ndimu ishafanya kazi.

Alafu lazima kiwepo kitu cha mafuta. Karotini na laikopini haziyeyuki kwenye maji, zinataka mafuta ndio utumbo uzichukue, kachumbari kavu ya karoti inapita tu nyingi inatoka ilivyoingia. Kwa hiyo nakata nusu parachichi ndani yake, au natwanga karanga za kukaanga kiganja kimoja nanyunyizia juu, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Ukila pamoja na wali wa nazi au samaki wa kupaka, tui limeshakusaidia.

Kitunguu saumu kama unakitumia, kiponde ukiache dakika kumi hivi kabla hakijagusa moto. Kikishapondwa ndio kinatengeneza ile alisini yenye harufu kali, ukikitupia kwenye mafuta palepale hujaipa nafasi ya kutengenezeka.

Hatua ya 5: Siyo kila kitu kiliwe kibichi

Kuna watu wakishasikia mbichi ina faida wanataka kila kitu kibichi, hapana. Vitamini C inaharibiwa na moto na inakimbilia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo matunda, hoho, kabichi, tango, vyema vibichi. Lakini nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo, ule rojo wa mchuzi wetu wa kawaida, laikopini yake mwili unaichukua vizuri kuliko ya nyanya mbichi, moto unavunja kuta za tunda inaachia. Karoti nayo ukiipika unapata karotini zaidi ingawa vitamini C inapungua. Kwa hiyo usijisumbue, leo kachumbari kesho mchuzi, ukichanganya ndio umepata yote.

Mchicha na matembele pika muda mfupi, mafuta moto, maji ya kuosha yaliyobaki kwenye majani yanatosha, funika, dakika chache ukijani ungali umekolea epua. Kama lazima uchemshe, yale maji tumia kwenye mchuzi.

Kisamvu kibichi kamwe. Kina vitu vinavyotoa sianidi, ndio maana wazee wetu wanakitwanga na kukichemsha sana. Muhogo mchungu vilevile usiutafune mbichi hata kama mmezoea kutafuna muhogo shambani, uwe na uhakika ni mtamu. Maharage mabichi hapana, viazi mviringo vilivyogeuka kijani hapana.

Hatua ya 6: Kiasi gani, na saa ngapi

Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, viazi na mihogo havihesabiwi humo. Hiyo ni kama mafungu matano ya gramu 80. Mizani sina jikoni na wewe huna, kwa hiyo hesabu hivi: chungwa moja, ndizi moja, pera moja kubwa, kipande cha papai cha kujaa kiganja, bakuli dogo la kachumbari, mchicha uliopikwa vijiko vikubwa vinne, kila kimoja ni kama fungu moja. Ukila chungwa na ndizi asubuhi, kachumbari na mchicha mchana, papai usiku, umefika na hujahangaika.

Kila siku, siyo Jumapili moja sinia zima alafu wiki nzima ugali na dagaa. Vitamini C mwili hauwezi kuiweka akiba kubwa, ukila nyingi kwa mpigo ziada inatoka na mkojo. Sisi watu wa bandari tunatakiwa tuijue hadithi ya mabaharia wa zamani, walikuwa wanakaa baharini miezi na nyama ya chumvi na mikate mikavu, fizi zinatoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka, wanakufa. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, akachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao, kuna waliopewa siki, kuna waliopewa maji ya bahari. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Ndani ya kama siku sita hao wawili walikuwa wameinuka, mmoja wao akarudi kazini. Machungwa mawili na limau moja, ni kifungu kidogo tu cha pale Mgandini.

Kitu kingine cha saa: chungwa au pera kula pamoja na maharage, kunde au mboga za majani, siyo masaa matatu baadae. Vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye hizo mboga, na wajawazito wetu wengi damu ni tatizo. Na chai ya rangi isogeze, kaa kama saa zima baada ya kula ndio unywe. Chai ina antioksidanti zake nzuri tu sikatai, lakini ukiinywa juu ya chakula inashikilia yale madini ya chuma yasiingie.

Juisi

Juisi ya mabungo naipenda hakuna mfano, ukwaju pia, rozela pia, na ile rangi nyekundu ya rozela ni anthosianini kabisa. Lakini angalia sukari inayowekwa. Mabungo ni makali, mtu anatia nusu kilo kwenye jagi, hapo umeshakunywa soda yenye jina zuri. Punguza sukari kidogo kidogo kila wiki, ulimi unazoea, sisi nyumbani tumefika kijiko kimoja kwa glasi na hakuna anayelalamika tena. Embe, tikiti, papai, nanasi, saga bila kuchuja na bila sukari, kunywa palepale. Na tunda linalotafunika litafune, kwenye glasi moja ya juisi ya machungwa yameingia matatu manne, ukiyala huwezi kumaliza yote hayo kwa mkao mmoja, na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye chujio.

Vidonge vya antioksidanti

Mama yangu aliuziwa kopo la vidonge na mtu aliyekuja mpaka nyumbani, kaambiwa kidonge kimoja ni sawa na kilo kadhaa za matunda, kinasafisha mishipa, presha itaisha. Alilipa pesa ambayo ingetununulia matunda ya miezi mitatu. Tena akaanza kuruka dawa zake. Tulikuja kugundua siku kichwa kimemuuma mpaka haoni vizuri, presha imepanda vibaya.

Kwa hiyo naomba ujue hili. Nchini Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini kwa miaka kadhaa, wakitegemea kansa ya mapafu itapungua. Majibu yalitoka 1994, kwa waliomeza beta-karotini kansa ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti kama huo, wakausimamisha mapema 1996 kwa sababu ileile. Kitu kilekile ambacho ndani ya karoti ni kizuri, kikikamuliwa peke yake kwa dozi kubwa kikampa mvuta sigara madhara. Na zile namba za nguvu ya antioksidanti zinazoandikwa kwenye makopo, zimepimwa kwenye chupa za maabara, idara ya kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa jedwali lake la namba hizo mwaka 2012 maana hazionyeshi kinachotokea mwilini. Daktari akikuandikia vitamini kwa sababu maalum, meza. Anayegonga mlango na kopo, mpe chai aende.

Nani awe mwangalifu

Mwenye figo mbovu aulize kwanza, potasiamu ya ndizi, parachichi na machungwa inaweza kumzidi. Mwenye kisukari ale tunda zima kwa kiasi, fungu moja kwa mkao, asinywe juisi. Anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, asianze ghafla kula mboga za majani nyingi wala asiziache ghafla, kiasi kiwe kilekile, vitamini K inagusana na dawa. Na balungi, hili ni muhimu, linaweza kufanya baadhi ya dawa zikae mwilini kwa wingi kuliko ilivyopangwa, zikiwemo dawa fulani za presha kama nifedipini na za kolesteroli kama simvastatini. Danzi liweke kundi hilohilo. Chungwa tamu na chenza havina shida hiyo. Ukienda kliniki taja kabisa kwamba unakula balungi, wao wanaweza wasikuulize.

Kwa asiye na meno

Wazee wengi wanaacha matunda siyo kwa kutopenda, ni kutafuna. Mama yangu sasa hivi amebakiwa na meno machache, na ndio maana chungwa alikuwa anafyonza tu. Namfanyia hivi: chungwa namenya lote, napasua vipande, navua ile ngozi ya kila kipande kwa kucha safi, nabakiza nyama nyeupe kidogo, nakatakata kwenye kibakuli. Karoti nakwangua kwa upande mdogo wa kikwangulio nachanganya na parachichi lililopondwa na ndimu, anakula kwa kijiko. Pera nachagua lililoiva sana, natoa kokwa zile ngumu naponda nyama. Bungo anamung'unya mwenyewe, hilo halihitaji msaada wa mtu. Na papai kila jioni, kipande kimoja na ndimu juu, saa kumi na mbili anakaa kwenye mkeka barazani, na siku nikichelewa utamsikia ananiita jina langu lote mpaka la ukoo.